Tanga la mbele likigoma kukunjika, tazama juu kabla hujatia grisi

"Ninatunza yoti ya futi 38 iliyofungwa kwenye boya hapa Kilifi. Mwenyewe huja mara mbili kwa mwaka. Tanga la mbele ni lile la kujikunja kwa kuvuta kamba, lakini jina la mtambo limefutika kwa jua. Tangu mwaka jana limekuwa gumu, na mwezi uliopita tukitoka Pemba, upepo ulipozidi likagoma likiwa nusu. Tukaitia kamba kwenye winchi tukavuta kwa nguvu. Lilizunguka kidogo, ukasikika mlio wa chuma kukwaruzana kule juu, tukaacha. Tumeingia na tanga likipigapiga. Fundi mmoja ameniambia nijaze grisi kwenye dramu. Mwingine anasema mtambo umekufa, tajiri anunue mpya. Nimwambie nini mwenye yoti? Na je, naweza kuufungua mwenyewe?"

Ndugu yangu, pole kwa safari hiyo. Kuingia mlango wa Kilifi na tanga linapigapiga, huku mwamba uko kulia na kushoto, si jambo dogo. Mlifanya vyema kuacha kuvuta mliposikia ule mlio.

Umeniuliza juu ya grisi na juu ya mtambo mpya, na yote mawili nitakujibu. Lakini neno lililonishtua katika maelezo yako ni winchi, ile roda ya kuvutia kamba kwa nguvu. Kwa hiyo naanza na hilo: yoti isitoke tena kwenye boya lake mpaka waya wa mbele unaoushika mlingoti ukaguliwe, juu na chini. Ukishaelewa mtambo huu unavyofanya kazi utaona kwa nini nasema hivyo kabla ya jambo lingine lolote.

Watu wengi, na mafundi wazuri wamo, hudhani ile dramu pale omoni, mbele ya chombo, ndiyo mtambo. Dramu ni mkono tu wa kuzungushia. Mtambo wenyewe unakaribia urefu wa mlingoti. Katikati kabisa upo waya wa chuma cha pua. Kwa yoti ya ukubwa huo mara nyingi ni wa milimita 8, wenye nyuzi 19 zilizosokotwa pamoja. Huo ndio unaouzuia mlingoti usiangukie tezi, yaani nyuma. Waya huo umevikwa bomba la alumini la vipande vilivyoungwa, lenye mfereji ambamo ukingo wa mbele wa tanga huingizwa. Kwa chini, bomba limeshikana na dramu. Ukivuta kamba ya kukunjia, dramu inazunguka, bomba linazunguka, na tanga linajiviringisha juu yake kama mkeka. Waya wa ndani hautakiwi kuzunguka hata kidogo.

Sasa twende juu. Tanga limetwekwa kwa jarari, ile kamba ya kulipandishia, na jarari nayo haitakiwi kuzunguka, maana inatoka kwenye kapi la kichwa cha mlingoti na haina pa kuzungukia. Lakini pembe ya juu ya tanga lazima izunguke pamoja na bomba. Kati ya hivi viwili pamewekwa swiveli, kipande cha nusu mbili kinachopanda na kushuka kwenye bomba. Nusu ya juu imefungwa jarari na inapaswa kutulia tuli. Nusu ya chini imefungwa tanga na inazunguka nalo. Katikati yao zimo beringi. Usalama wa mtambo mzima, na wa mlingoti, unategemea ile nusu ya juu itulie.

Isipotulia, inaibeba jarari na kuizungusha kwenye bomba. Mzunguko wa kwanza huusikii mkononi, unaona tanga limekuwa zito kidogo tu. Wa pili unabana. Hapo bomba limefungwa kwa kamba kule juu, haliwezi tena kuzunguka juu ya waya, na kila nguvu unayoitia kwenye dramu inapita moja kwa moja kuusokota waya. Ukivuta kwa mkono, mwili wako unakuambia umefika mwisho. Winchi haisemi. Winchi ya yoti ya futi 38 inazidisha nguvu ya mkono wako mara thelathini au arobaini, na unaweza kuzifumua nyuzi za waya huku wewe ukidhani unashindana na kutu.

Niliitwa mara moja Mtwapa kwenye yoti yenye ugonjwa unaofanana sana na wako. Mwenyewe alikuwa ameshajaza kopo zima la grisi kwenye dramu, mpaka inachuruzika sitahani. Nilipopanda mlingoti nikakuta jarari imelizunguka bomba mara mbili na nusu, imebana hadi imechimba alama kwenye alumini. Pale waya unapotokeza juu ya bomba, nyuzi 3 kati ya 19 zilikuwa zimekatika, na ncha zake zimesimama kama miiba ya samaki. Niliziona kwa umbali wa shibiri moja kutoka usoni mwangu, nami nimening'inia kwenye mlingoti ule ule uliokuwa unashikwa na zilizobaki. Dramu kule chini ilikuwa nzima kabisa.

Ndiyo maana nakuambia anza na macho, tena macho ya juu. Azima darubini, simama sitahani asubuhi wakati wa umande, kabla upepo wa mchana haujaanza, utazame kichwa cha mlingoti. Angalia jarari inavyotoka kwenye kapi kwenda kwenye swiveli. Inapaswa kuachana na bomba kwa pembe inayoonekana wazi, kama digrii 8 hadi 10. Ikishuka sambamba na bomba, karibu nalo, umeshampata mshukiwa wako wa kwanza. Angalia pia swiveli imesimama wapi. Ikiwa iko chini sana, sentimita sabini au mita nzima kutoka ncha ya bomba, sehemu ya jarari iliyo wazi ni ndefu na ni rahisi kuzongwa. Hili hutokea sana tanga linapobadilishwa au kukatwa likawa fupi kuliko la kwanza, na dawa yake ni rahisi ajabu: kipande cha kamba imara isiyonyumbuka au cha waya, kifungwe kati ya pembe ya juu ya tanga na swiveli, ili swiveli ipande mpaka karibu na mwisho wa bomba bila kutoka nje yake.

Tena angalia kama kuna jarari ya akiba iliyofungwa pale omoni karibu na bomba. Mabaharia wengi huifunga hapo ili isipige kelele kwenye mlingoti usiku. Tanga likikunjwa linaimeza. Nimeona mitambo miwili mizima iliyohukumiwa kifo kwa kosa la kamba hiyo tu. Ihamishie pembeni, kwenye nguzo za ubavuni.

Kama macho hayajakupa jibu, yapo majaribio mawili ya mikono, na haya unaweza kuyafanya mwenyewe. Fungua tanga lote taratibu, bila winchi, kisha lishushe lote hadi sitahani. Likikataa kufunguka au kushuka, usilazimishe, ita mtu wa kupanda. Likishuka, shika dramu kwa mikono miwili na uizungushe bila tanga. Ikizunguka kwa wepesi, beringi za dramu hazina kosa kubwa, na tatizo lako liko juu au kwenye jarari. Ikiwa bado nzito, ugonjwa uko chini, au bomba limepinda, au waya umelegea ukafanya tumbo na bomba linazunguka likiwa limejikunja kama upinde. Hilo la waya kulegea watu hulisahau: kaza waya wa nyuma ya mlingoti kama una kirekebisho, kisha ujaribu tena.

Jaribio la pili ni la swiveli, ambayo sasa imeshuka pamoja na tanga na iko mbele yako. Shika nusu ya juu kwa mkono mmoja, zungusha ya chini kwa mwingine, sikiliza kwa vidole. Ukihisi mchanga ndani, ni chumvi au beringi zilizolika. Lakini usiridhike ikizunguka vizuri mikononi. Swiveli haifanyi kazi ikiwa tupu, hufanya kazi ikivutwa juu na chini kwa nguvu kubwa. Kwa hiyo funga kamba upande wa chini, mwenzako aivute kwa uzito wake wote huku jarari imekazwa kidogo, kisha uizungushe. Nyingi zinazoonekana nzima mezani hugoma hapo.

Sasa grisi. Fundi wako hakukudanganya kwa makusudi. Ametoka kwenye injini na magari, ambako grisi ni uhai. Lakini mitambo hii haifanani. Mitambo ya Harken hutumia beringi za plastiki ngumu zilizo wazi, ambazo zimekusudiwa kuoshwa kwa maji matamu na sabuni laini. Ukizitia grisi, inashika chumvi na vumbi ndani, na baada ya miezi michache umetengeneza msasa. Profurl ina beringi zilizofungiwa ndani ya grisi kwa sili, yaani mpira wa kuziba, tangu kiwandani. Za namna hiyo hazihitaji kuongezwa kitu, na zikifa hubadilishwa beringi na sili zake. Furlex ya Seldén ndiyo inayotaka grisi, kila mwaka, kwenye dramu na kwenye swiveli, na ni grisi ya baharini inayostahimili maji, si ile nyeusi ya magurudumu ya lori. Kwa hiyo kabla ya kununua kopo, jua umeshika nini. Jina limefutika, lakini piga picha za dramu pande zote, swiveli juu na chini, na umbo la bomba kwa pale mwisho wake unapoonekana. Mtu wa kazi hii atautambua kwa sura.

Mpaka utakapojua, tia maji matamu kwa wingi, na hapo hutakosea. Kwetu hili lina uzito wa pekee. Kuanzia Desemba hadi Machi kaskazi inavuma na mvua ni chache, chumvi inakauka juu ya vyombo tabaka juu ya tabaka. Dramu hupata ndoo ya maji mara moja moja kwa sababu iko karibu. Swiveli iko juu, na hakuna mtu anayeiosha. Tanga ambalo halijashushwa kwa mwaka mzima lina swiveli ambayo haijaonja maji matamu ila ya masika. Kwa mtunzaji kama wewe, ratiba ni hii: ndoo moja kwenye dramu kila baada ya safari, na kila miezi mitatu shusha tanga, osha swiveli, pitisha kitambaa chenye maji kwenye mfereji wa bomba. Nimewahi kukuta nyigu wamejenga viota vya udongo ndani ya mfereji huo kwenye yoti iliyokaa muda mrefu bila kutumika, na mwenyewe alikuwa akilaumu tanga.

Kamba ya kukunjia nayo ina lawama yake. Itazame inavyoingia kwenye dramu: lazima iingie kwa pembe mraba na bomba, ikilenga katikati ya dramu. Kapi la kwanza ubavuni likiwa juu sana au chini sana, kamba inarundikana upande mmoja, inajipanda yenyewe na kukwama. Kosa jingine ni la mkono. Ukifungua tanga kwenye upepo ukaiachia kamba, dramu inazunguka kwa kasi, kamba inalegea ndani kama tambi, na siku ya kukunja inajifunga fundo. Ishike ikiteleza mkononi kwa ukinzani mdogo, uwe na glovu. Vivyo hivyo unapokunja, demani, zile kamba za kuvutia pembe ya nyuma ya tanga, zisiachiwe kabisa; zibaki na mvutano kidogo ili tanga likunjike kwa kubana. Tanga likiwa limekunjwa lote, demani zilizunguke mara mbili au tatu, na kwenye dramu ibaki mizunguko mitatu au minne ya kamba. Ukikosa hiyo ya akiba, siku ya upepo mkali tanga litakunjika kwa kubana zaidi, na kamba itaisha ukiwa bado na kipande nje.

Nirudi kwenye waya, kwa sababu ndio unaoninyima usingizi. Chuma cha pua hakishiki kutu kirahisi kwa sababu juu yake kuna utando mwembamba sana unaojitengeneza wenyewe kwa hewa. Penye hewa, utando ukikwaruzwa unajirudisha. Pasipo hewa, lakini penye maji ya chumvi yaliyotuama, hauwezi kujirudisha, na chuma kinaliwa kwa siri kutoka ndani ya nyufa. Sasa fikiria waya uliovikwa bomba la alumini, kwenye joto letu, chumvi ikishuka ndani na kukaa chini pale waya unapoingia kwenye kichwa chake cha kubana, kile chuma kilichobanwa kwenye ncha yake. Ndiyo sehemu mbaya kuliko zote, na ndiyo sehemu ambayo watu huivika selotepu ili ionekane nadhifu. Ondoa selotepu yote hapo. Safisha kwa mswaki, tazama kwa lenzi: mstari mwembamba wa wima kwenye kichwa cha kubana ni ufa, doa la kahawia linalorudi baada ya kusafishwa ni onyo, na uzi mmoja tu uliokatika ni mwisho wa waya huo. Mmoja, hata kama 18 zilizobaki zinang'aa. Tazama pia pini na kota pini zake, na kiungo kilicho chini ya dramu kinachouachia waya ucheze. Kikikauka, waya unapindika badala yake.

Na kwa kuwa nyinyi mmeshatumia winchi, kuna kitu cha ziada cha kutafuta: sehemu ambapo nyuzi zimefunguka msokoto, waya unaonekana umevimba au una mistari isiyolala sawa. Itafute juu, pale waya unapotokeza kwenye bomba. Hilo halionekani vizuri kwa darubini.

Je, ufungue mwenyewe? Kuosha, kurekebisha kapi, kubadilisha kamba, kuongeza kipande kwenye pembe ya juu ya tanga: ndiyo, kazi yako. Kuteremsha waya na bomba: hapana, usifanye peke yako na usifanye bila mlingoti kushikiliwa mbele kwa jarari nyingine imara iliyofungwa omoni na kukazwa. Skrubu za chuma cha pua zilizokaa miaka ndani ya alumini hushikana nayo. Bisibisi ya haraka huzila vichwa, na ukishavunja kiungo kimoja cha bomba, kipande cha badala hakipatikani Mombasa. Fundi anayejua huzipasha joto kidogo kwanza, na wakati wa kurudisha hupaka dawa ya kutenganisha metali mbili. Kilifi kwenyewe kuna yadi ya yoti, nawe uko karibu. Waombe mtu wa kupanda mlingoti, au fundi wa milingoti anayepita na yoti za safari ndefu. Wapo wengi wanaotia nanga hapo.

Kuhusu mtambo mpya, sitamwambia tajiri asinunue, nitamwambia asinunue bado. Jarari ikiwa ndiyo imezonga na waya ni mzima, gharama ni kapi dogo la kuisukuma jarari mbali na bomba, lifungwe usoni mwa mlingoti, na siku moja ya fundi. Likifungwa, lisiivute jarari kupita kiasi, maana nalo likizidi huleta msuguano wake. Beringi zikiwa zimekufa na mtambo ni wa aina ambayo vipuri vyake bado vinatengenezwa, agiza beringi. Waya ukiwa mbovu, bomba zima linaweza kuvikwa waya mpya, na mimi ningechagua vichwa vya kufunga kwa nati badala ya vya kubanwa kwa mashine, kwa sababu hivyo unaweza kuvifungua na kuvikagua hapa hapa. Mtambo mpya una maana bomba likiwa limepinda au alumini imeliwa. Ipo pia njia ya tano ambayo wauzaji hawaitaji: kuondoa mtambo wote na kurudia tanga la kulabu linalotwekwa moja kwa moja kwenye waya. Ni kazi zaidi kwa mabaharia, lakini likitakiwa chini linashuka, na waya wote uko wazi unauona kila siku. Kwa yoti inayotembea mara mbili kwa mwaka mbali na maduka ya vipuri, mimi naliheshimu wazo hilo.

Na ikitokea tena likagoma baharini? Geukeni mpate upepo kwa nyuma, tanga kubwa lilikinge la mbele, upepo upungue ndani yake. Mtu mmoja aende omoni akiwa amejifunga, ajaribu dramu kwa mkono. Fungueni kidogo, kazeni jarari, jaribuni kukunja tena. Mara nyingine mzongo wa kwanza hufunguka hivyo. Likikataa na halishuki, washeni injini, shikeni demani zimebana, mzungushe yoti duara baada ya duara mahali pasipo mwamba. Tanga litajiviringisha lenyewe kwenye bomba. Kisha lifungeni kwa kamba juu kadiri mkono unavyofika.

Hilo la kulifunga lihusu pia yoti iliyo kwenye boya. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia tarehe 4 Mei 2024 kilitukumbusha kwamba pwani yetu haina kinga kamili. Ikitangazwa hali mbaya, shusha tanga la mbele kabisa ulitie ndani. Tanga lililokunjwa likipata mdomo mdogo tu wa kuingizia upepo, linafunguka lote, na yoti inaliburuta boya lake. Ukilishusha, kagua na kile kitambaa cha kinga ya jua kilicho ukingoni: mshono hufa kwa jua kabla ya kitambaa, na ukiweza kuukata kwa ukucha, mpelekee mshonaji kabla ya tanga lenyewe kuanza kuungua.

Mwandikie mwenye yoti leo, mambo matatu: kwamba kamba ilivutwa kwa winchi, kwamba ulisikika mlio juu, na kwamba unaomba idhini ya kumlipa mtu wa kupanda mlingoti na kupiga picha za waya, swiveli na jarari. Usimfiche la winchi. Fundi atakayekuja lazima alijue ili atazame mahali panapostahili. Na wakati mkisubiri jibu, chukua jarari ya akiba, ifunge kwenye chuma imara cha omoni, uikaze vizuri isaidie kuushika mlingoti; ni ya kusubiri tu, iondoe hapo kabla ya kukunja tanga tena.